Uzi Mwekundu Kwapani

Kiwandani walimwita Bi Shaka, naye alijua, wala hakukasirika. Mtu anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka, hata wageni wenyewe wakiwa ndugu zake wa tumbo moja, jina hilo si linamkaa barabara?

Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya kwendea Mirihi. Naam, Mirihi, ile sayari nyekundu! Miezi saba njiani, kwenda tu, na ukifika hakuna hewa ya kuvuta. Vazi likitoboka hata tundu la sindano, basi tena. Safari hii walikuwa waende watu wanne, na vazi la nne lilikuwa la binti yake mwenyewe, kitinda mimba, rubani wa chombo. Roketi ilikuwa iondoke Ijumaa. Ikikosa siku zake, ni kukaa miaka miwili mpaka sayari zikaribiane tena.

Sasa, Bi Shaka alikuwa na ujanja wa tangu enzi za kushona magauni mtaani. Wateja wake walikuwa wanavaa gauni harusini, wanacheza mpaka wanaloa jasho, kesho yake wanalirudisha. "Fundi, halijanikaa, hata sijalivaa." Hata hujalivaa! Ndipo akaanza kupiga mshono mmoja wa uzi mwekundu, mwembamba sana, ndani ya kwapa. Mwili ukiingia tu, uzi unakatika. Mteja akileta maneno, Bi Shaka anageuza kwapa, anamtazama usoni, kesi imekwisha.

Mavazi ya Mirihi aliyapiga uzi huo huo. Kila vazi lilitakiwa kujazwa hewa likavimba kwa masaa sita mazima kwenye chumba cha majaribio, na uzi ule usingeweza kupona. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na yeye hamwamini mtu?

Jumatatu asubuhi mavazi yakarudi mezani kwake, kila moja na kadi ya kijani: LIMEPITA. Sahihi ya mkaguzi chini. Akageuza kwapa la kwanza: uzi umekatika. La pili, umekatika. La tatu, vilevile. La nne, uzi umekaa pale pale, umekaza kama alivyouacha.

Basi hili halikujazwa hewa! Akalibeba vazi zima mikononi mpaka kwa mkaguzi, akamkuta anakunywa chai.

"Hili ulilijaza hewa?"

"Nililijaza, mama. Masaa sita."

"Kwa saa ya ukutani, au ya kichwani kwako?"

Mkaguzi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Bi Shaka akamgeuzia kwapa, akamweleza habari ya uzi. Yule bwana akaweka kikombe chini.

"Muulize rubani," akasema hatimaye. "Mimi nilibembelezwa."

Kubembelezwa! Bi Shaka akamtazama kuanzia kiatu mpaka kipara, akiwaza ana nini huyu na mtoto wake. Akampigia binti simu, binti akaja mbio.

"Mama, si mkono ni wako?" akasema rubani, akimshika bega. "Tangu chekechea unanishonea wewe. Lini uliwahi kunishonea kitu kikaachia?"

Mama mwingine angeyeyuka. Bi Shaka sifa zilimtia wasiwasi zaidi.

"Usinipake mafuta. Unaogopa nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Naogopa likikataa. Kushona jingine ni wiki tatu, na yule rubani wa akiba, mwenye vazi lake tayari, anangoja nipige chafya tu achukue kiti changu. Miaka tisa nimeisubiri safari hii. Nakuomba, mama, nyamaza."

"Lijazwe," Bi Shaka akamwambia mkaguzi. "Sasa hivi, nikiwa hapa hapa."

Vazi likavimba, uzi mwekundu ukakatika. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Binti akaanza kutabasamu. Saa ya tano, mshale wa kipimo ukashuka kidogo.

"Kipimo chako kibovu," Bi Shaka akamfokea mkaguzi. "Au umegusa kitu!"

Mkaguzi alikwenda kabatini. Alichukua povu la sabuni, akapaka mishono yote taratibu. Begani kushoto kikatoka kipovu kimoja, kikafuatiwa na kingine. Mshono ule Bi Shaka aliushona mwenyewe, Alhamisi iliyopita, na macho yalikuwa yamemchoka lakini hakutaka kusema. Maisha yake yote alishuku wateja, ndugu, mkaguzi, mpaka mtoto wa kumzaa. Mkono wake mwenyewe hakuwahi kuushuku hata siku moja.

"Ungenyamaza," binti akasema, machozi yakimlengalenga. "Mama, si ungenyamaza tu!"

Bi Shaka aliichana ile kadi ya kijani.

Ijumaa roketi iliondoka na rubani wa akiba. Nyumbani, binti aliizima televisheni, akaingia chumbani, akabamiza mlango mpaka picha ya ukutani ikapinda. Tangu Jumatatu hakuwa amemsemesha mama yake neno, na alisema wazi kwa shangazi yake kwamba hatamsamehe. Bi Shaka aliamini. Kwa mara ya kwanza aliamini alichoambiwa bila kukichunguza, na kikamuuma kweli.

Akavuta kiti, akakaa nje ya mlango ule. Ndani binti alikuwa analia kwa kwikwi, akivuta pumzi ndefu kila mara, kama alivyokuwa akilia utotoni.

"Lia, mwanangu," Bi Shaka akasema. "Lia utakavyo. Hewa ipo."