Shamba la Watu Wawili

Hospitalini walimwita Pasi, na jina lilimkaa hadi mtaani. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka. Yalimfikia yamejikunjakunja kama matambaa ya kudekia, yakapita mikononi mwake na chini ya rola la moto, na upande wa pili yakatoka yamelala sawasawa yakinukia sabuni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Si kiburi. Mashine za chumba kile zinanguruma kutwa, na mtu akizoea kutosikika, mwisho huacha kusema.

Jumamosi moja alirudi mchana, akaoga, akala kiporo chake, akajitupa kwenye kiti mbele ya televisheni na kuwasha gemu. Ilikuwa mashine ya zamani, ile ya kutumia kadi ndogo ya kumbukumbu unayoichomeka kwa mbele. Akasubiri jogoo awike, maana gemu ile ilianza hivyo: jogoo, kisha mlango wa nyumba ya shamba unafunguka. Jogoo hakuwika. Kioo kilibaki cheusi, na katikati yake yakatokea maandishi kwamba kadi imeharibika na hakuna kilichosomeka. Chini yake kulikuwa na swali: Uanze upya?

Alizima, akawasha tena. Maandishi yale yale. Akaichomoa kadi, akaifuta kwa pindo la fulana, akaipuliza taratibu kama anayemtoa mtu vumbi jichoni. Akairudisha. Yale yale. Hapo akakumbuka kwamba jana yake umeme ulikatika ghafla, na ulikatika wakati gemu inahifadhi. Jana alisonya tu, akaenda kulala. Hakujua alikuwa anasonya msibani.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kilimo. Hakuna vita ndani yake, wala mbio za magari. Unapewa pori, unalifyeka, unapanda, unafuga, jua linazama, unalala, kunakucha. Yeye na mkewe waliinunua pamoja na mashine kwa jirani aliyekuwa anahama, mwaka ule walipoacha kwenda kwa madaktari. Walikuwa wametafuta mtoto kwa muda mrefu, na jioni zao zilikuwa zimekuwa ndefu na nzito. Mkewe, ambaye alikuwa msusi, ndiye aliyesema, "Hebu tuijaribu. Tukichoka tutaipiga mnada."

Hawakuchoka. Kila mmoja alishika pedi yake ya kuchezea na kuwa na mkulima wake. Mkewe alimwita wake Bibi Boga, kwa kuwa maboga ndiyo yaliyokuwa yanamkubali. Pasi akawa Bwana Maziwa. Ng'ombe waliwapa majina ya ndugu. Mmoja mnene asiyependa kuamka walimwita Shemeji. Mwingine, aliyekuwa akikukanyaga kila ukimkaribia na ndoo, walimwita Mama Mkwe, na hawakuwahi kukubaliana alikuwa mama wa nani kati yao. Walikuwa wakicheka hadi machozi. Wakijibizana kuhusu mbolea kama watu wenye ekari zao kweli.

Lakini kicheko cha kwenye televisheni hakikutosha kuijaza nyumba. Ndoa yao haikuvunjika kwa kelele. Ilipungua tu, kama sabuni. Siku mkewe alipoondoka alichukua sufuria zake, vioo vyake na kitanda cha chuma. Alisimama mlangoni, akatazama televisheni, akasema, "Hiyo kaa nayo." Baadaye akaolewa na mtu mwingine, fundi seremala, mtaa wa ng'ambo ya soko.

Pasi akabaki na shamba. Gemu ile ilikuwa na sheria moja: shamba la wawili linahudumiwa na wawili. Mkulima asiyeshikwa na mtu anabaki kitandani, na upande wake wa shamba unanyauka. Jioni ya kwanza peke yake, Pasi aliona maboga yamelegea. Akaiweka chini pedi yake, akainua ya mkewe. Akamwamsha Bibi Boga, akamtoa nje, akamwagilia mstari kwa mstari, akamrudisha ndani, akamlaza. Ndipo akaendelea na ng'ombe wake. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa jioni yake, kwa miaka. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Jumatatu baada ya kazi aliipeleka kadi kwa fundi wa simu, binti mmoja mwenye kibanda cha vioo, ambaye watu walimwita Waya. Waya aliigeuza chini ya taa, akaichomeka kwenye kifaa chake, akangoja, akaichomoa, akasugua sehemu zake za shaba kwa kifutio, akaichomeka tena.

"Mjomba, hii imekufa," alisema. "Na siyo leo. Ilikuwa inajikongoja tu. Ilikuwa na nini ndani? Picha?"

"Shamba."

"Hati za shamba? Mungu wangu! Hukutoa kopi?"

"Si hati. Shamba lenyewe."

Waya alimtazama, akaitazama kadi, ikamwingia taratibu. Hakucheka, na Pasi alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. "Pole, Mjomba," alisema. Akavuta droo, akapekua kwenye nyaya, akatoa kadi nyingine iliyochubuka. "Chukua hii. Nzima, ila tupu. Hapa hakuna anayeiulizia."

Wiki ile Pasi aliunguza shuka. Alilisahau chini ya pasi ya mkono hadi moshi ukamkumbusha. Msimamizi wa kufulia, mama wa makamo mwenye sauti ya kushinda mashine, alimvuta pembeni.

"Umefiwa?"

"Hapana, Mama."

"Mbona una uso wa matanga? Kama kuna msiba sema, tuchange, tuje kukaa nawe."

Pasi alifungua mdomo. Akajaribu kuwaza watu wa kufulia wamekaa chumbani kwake, viatu vimejaa mlangoni, wanamuuliza marehemu alikuwa nani. Ng'ombe. Wa wapi? Wa kwenye televisheni. Akaufunga mdomo.

"Ni uchovu tu, Mama."

Usiombe huzuni isiyo na jina. Mwenye msiba hupewa kiti, akaletewa maji. Yeye alipanga mashuka, akarudi nyumbani, akakaa mbele ya kioo cheusi akijiona mwenyewe ndani yake. Jioni haikuwa na la kufanywa. Alijikuta anaosha sufuria safi. Na kadiri alivyozidi kuwaza ndivyo alivyoona kwamba duniani kote yuko mtu mmoja tu aliyewajua wale ng'ombe. Mmoja. Jumamosi iliyofuata akapiga moyo konde, akavaa shati alilolinyoosha mwenyewe, akavuka soko.

Saluni ilikuwa na wateja wawili, mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele, mwingine nusu kichwa kimesukwa. Mkewe wa zamani alimwona mlangoni, vidole vikasimama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Kweli. Nina neno dogo tu. Ukimaliza."

Alimwachia msaidizi kichwa kile, akampeleka Pasi uani, kwenye benchi lililokuwa chini ya kamba ya taulo. Alikuwa amenenepa kidogo, na ilimpendeza. Wakakaa, katikati yao pengo la kutosha mtu wa tatu.

"Haya. Sema."

"Kadi imeharibika."

"Ya benki?"

"Ya shamba."

Mwanamke akakunja uso, akitafuta. Kisha akapata. Kicheko kikamponyoka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Lile shamba? La kwenye gemu? Jamani! Mimi nilidhani ulilifuta siku ile ile niliyoondo..." Akamwona uso. Kiganja kikashuka. "Ulikuwa bado unacheza."

"Kila jioni."

"Kila jioni." Alilirudia kama anayepima uzito wake. "Na ng'ombe?"

"Walikuwepo wote. Shemeji alizeeka, haamki kabisa. Mama Mkwe alizaa."

"Mama Mkwe alizaa!" Alipiga paja, akacheka, na Pasi naye akacheka, mara ya kwanza tangu kadi ife. Walicheka hadi msaidizi akachungulia. "Na utu uzima ule! Nani alimsogelea yule?"

"Hata sijui. Niliamka nikakuta ndama."

Kicheko kikaisha polepole. Matone ya taulo yakawa yanadondoka sakafuni. Mwanamke akauliza, bila kumtazama, "Na mimi je? Humo ndani mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unamwagilia maboga."

"Nani alikuwa ananiendesha?"

Pasi akatazama mikono yake. "Mimi. Nilikuwa nakuamsha, unamwagilia, nakurudisha ulale. Bila hivyo yangenyauka."

Pasi alikuwa amefikiri mwanamke atacheka tena, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Maziwa." Hakuna aliyemwita hivyo tangu ndoa yao iishe. "Miaka yote hiyo. Mimi nimeshaolewa, nina nyumba nyingine, na wewe huko kila jioni unaniamsha nikulimie."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya ningeshakufukuza hapa na taulo." Akashusha pumzi. "Lakini niliondoka. Unasikia? Niliondoka kweli. Ulitakiwa uniache nikaenda zangu. Hata humo."

"Maboga..."

"Yangenyauka. Yangenyauka tu, ungeona yamenyauka, ungejua sipo. Sasa umekuja kujua leo, tena kwa sababu ya umeme."

Mwanamke akanyoosha mkono, akaupitisha kwenye lile pengo, akaugusa mkono wa shati lake pale penye mkunjo wa pasi. Akaurudisha.

"Mimi pia niliwapenda wale ng'ombe," alisema. "Usidhani ulikuwa peke yako. Ila mimi niliwalilia zamani, wewe hukuwepo." Ndani mtu akaita. Akasimama, akafuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Utaanza upya?"

"Nimepewa kadi nyingine. Sijaamua."

"Ukianza, anza. Lakini usiniweke. Tafadhali. Na usije hapa kuniambia wamepata majina gani."

"Sitakuja."

"Nenda salama, basi."

Alirudi kwa njia ndefu, akazunguka soko badala ya kulikata. Hakuwa na hasira naye. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke alikuwa amesema kweli, na ukweli ule alikuwa anauacha nyuma kwa mtu ambaye hatazungumza naye tena. Ameenda kutafuta mwenzake wa msiba, amekuta mwenzake alishaanua tanga zamani.

Nyumbani alichomeka kadi ya Waya. Jogoo akawika, kisha gemu ikauliza: mkulima mmoja, au wawili? Miaka ile hawakuwahi kuliwaza swali hilo. Pasi alikaa nalo kidogo. Akabonyeza mmoja.

Nyumba ya mkulima mmoja ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoizoea. Kitanda kimoja, dirisha moja, nje pori tupu lenye visiki. Hapakuwa na ng'ombe. Ng'ombe ni wa baadaye, ukishavuna. Alifyeka kipande, akachoka, akazima. Siku iliyofuata akafyeka kingine. Pedi ya pili aliizungushia waya wake, akaiweka kabatini pamoja na mabalbu yaliyoungua, na kila akikaa mkono wake wa kushoto uliitafuta pale pembeni ya kiti, ukakuta mbao.

Jioni moja mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa chumba kinachofuata, mama mstaafu aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi, ambaye salamu zao hazikuwahi kuvuka "habari za kazi". Alikuwa ameshika mwiko.

"Samahani, Baba. Hujambo? Siyo umbea. Nilitaka kuuliza, wale ng'ombe wako wameenda wapi?"

Pasi akageuka kuitazama televisheni.

"Ukuta huu ni kama karatasi," mama alisema. "Kila jioni nawasikia wanalia nikiwa napika. Mimi nilidhani unapenda vipindi vya kilimo. Sasa hii ni wiki ya ngapi kimya? Nikasema huyu ama ameugua, ama ameibiwa televisheni."

"Walipotea, Mama," Pasi alisema. "Kadi iliharibika, wakapotea wote."

"Ah." Mama hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kama anayeelewa. "Pole sana, Baba. Nilikuwa nimewazoea."

Pasi akaitikia kwa kichwa. Ndiyo pole ya kwanza aliyopewa kwa ajili ya ng'ombe wenyewe, na mtu aliyewasikia.

Mama akageuka kwenda kwenye chungu chake. Pasi akarudi kwenye kiti, akaendelea na kisiki kilichokuwa kimemshinda. Baada ya muda ukuta ukagongwa mara mbili, na sauti ikapenya.

"Kwa hiyo hutanunua wengine?"

"Nitanunua, Mama. Lazima kwanza nilime."

"Haya, lima basi. Na uongeze sauti kidogo."