Damu ya Kabla ya Upasuaji

Mwanangu alikoroma mpaka nyumba nzima tukamwita Jenereta. Tulicheka sana, mimi nikiwa wa kwanza, hadi nilipogundua kwamba jenereta lenyewe huzimika. Pumzi ilikatika ghafla, mdomo wazi, kisha akashtuka na kuivuta kwa nguvu. Nikampigia mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye msomi wetu. Maabara yao ilikuwa ikitafuta, ndani ya damu ya watoto, alama za vinasaba zinazoonyesha ni nani pumzi yake itakuwa ikikatika usingizini. Alimpeleka Jenereta kwa daktari wa koo, akamtoa damu mwenyewe huku akimwimbia. "Usijitie presha, dada," aliniambia. "Ni mafindofindo tu, yatanywea yenyewe. Tusubiri."

Nikasubiri. Ningemwamini nani kama si yeye? Mtoto akawa anasinzia darasani, macho yamemwingia ndani, na kila nilipolalamika, mama yake mdogo alinijibu lile lile: tusubiri.

Siku mwalimu aliponiita kuniambia kwamba amemwamsha mwanangu kwa shida, sikumpigia mtu simu. Nilimbeba moja kwa moja hadi kwa yule daktari. Alimmulika kooni, akanigeukia kwa ukali.

"Mama, kwa nini ulikataa upasuaji?"

"Nilikataa lini?"

"Nilimwambia mdogo wako siku ile ile, haya yatolewe haraka. Akasema mama mtu hataki."

Nikasaini fomu ya upasuaji papo hapo. Jenereta alipokuwa chumba cha upasuaji, mdogo wangu akapata habari kwa daktari, akaja mbio, anahema.

"Dada, nisikilize. Watoto wengi wanatibiwa mapema. Nilihitaji damu ya mtoto ambaye hajaguswa, tuone vinasaba vinavyofanya kazi pumzi ikikatika. Ningekwambia tu..."

"Nimekuamini kuliko nafsi yangu, ukanizunguka! Mwanangu anakata roho, wewe unanisingizia!" Nilitaka kumzaba kibao. Nikalia badala yake, na nilijichukia kwa kulia mbele yake.

Mtoto alipona. Juzi mdogo wangu akapiga simu.

"Analalaje siku hizi?"

Sauti yake ilitetemeka, na moyo wangu, mjinga huu, ukalegea. Nikamsimulia anavyolala kimya, anavyoamka na makelele ya kudai chai. Nilikuwa karibu kumwambia aje amwone.

"Afadhali," akasema. "Basi dada, naomba damu nyingine kidogo. Ya baada ya upasuaji, tulinganishe."

"Umekosea namba," nikamjibu, nikakata.