Fremu Tupu ya Eusebio Lugo

Kwa miaka sitini fremu ya Eusebio Lugo ilisimama tupu kwenye madhabahu ya marehemu nyumbani kwa bintiye, Eduviges. Kila Novemba, siku marehemu wanaporudi kula na walio hai, aliizungushia maua ya manjano, akaiwekea mkate na kata ya pulque, pombe ya utomvu wa mkonge, na kila Novemba majirani walijifanya hawaoni kwamba ndani hamna sura. Baba alimfia mgodini yeye akiwa na miaka minne. Alikumbuka harufu ya taa yake na buti zake mlangoni. Uso, hapana. Na mzazi anayerudi mara moja kwa mwaka kuja kula kwako, ukashindwa hata kumtambua, jamani, hilo linauma.

Basi aliposikia ghala la nyaraka za Kampuni ya mgodi limefunguliwa, alijitupia shali asubuhi ile ile. Wamarekani walichimba dhahabu na fedha ya mji wetu, Santa Quiteria, miaka arobaini, wakaondoka nayo, wakatuachia makaratasi. Lakini tuwape haki yao, kwa kuandika walikuwa hodari. Kila mchimbaji alikuwa na kadi, na kila kadi ilibandikwa picha.

Mtunza nyaraka, Don Fermín, alikuwa mchimbaji mstaafu mwenye kifua kibovu na mdomo mzima.

"Doña Eduviges! Umekuja kuomba kazi? Umechelewa, wenyewe wameshakwenda zao."

"Acha maneno, mzee. Nitafutie baba yangu. Eusebio Lugo, mgodi wa San Eligio."

"Mama yako hakukuachia picha hata moja?"

"Usinitajie! Nilimwuliza mpaka siku anakata roho. Jibu lake lile lile: 'Iko mahali pake.' Aliichoma huyo, nakwambia. Alitaka baba awe wake peke yake."

Fermín akapotelea kati ya makabati, akikohoa. Aliporudi na kadi, mzaha ulikuwa umemtoka.

"Keti kwanza, dada."

Jina lilikuwepo, na umri, miaka ishirini na sita. Penye picha palikuwa na mraba mweupe kuliko sehemu nyingine ya karatasi, na gundi iliyokauka kwenye pembe.

"Imekwenda wapi?"

Fermín akaigeuza kadi, akamsomea mwandiko wa karani: "Mwili haukupatikana. Picha amekabidhiwa mjane, Hilaria Ortega, kwa ombi lake, ikazikwe."

"Haukupatikana? Fermín, mimi kaburi lake nalifagia kila mwaka! Jeneza nililiona kwa macho yangu!"

Mgodi ukigoma kumrudisha mtu, huzikwa nguo zake na picha, ili nyumba iwe na kaburi la kuendea, na watoto hawaambiwi. Nani Santa Quiteria asiyeijua mila hiyo? Eduviges aliijua tangu utotoni. Alidhani ni ya nyumba za wengine.

"Enzi zile nani alikuwa na pesa ya mpiga picha?" Fermín akasema taratibu. "Ilikuwa hiyo hiyo moja."

Eduviges akalia. Hakumlilia baba, alimlilia mama, ambaye yeye alikuwa amemnunia hadi kitandani pa kufia. Alitamani ampate dakika moja tu, amwombe radhi.

Alipofuta macho ndipo akaona, chini kabisa ya kadi, alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Eusebio hakujua kuandika. Lilikuwa dole pana, lenye kovu katikati. Eduviges akaweka lake juu yake, akaliacha hapo kitambo.

"Hili linatoka kopi?"

"Litatoka jeusi jeusi, lakini mistari itaonekana."

"Nitolee."

Novemba ilipofika, majirani walikuta fremu ina dole gumba. Picha ya Hilaria, iliyokaa rafu ya chini miaka kumi tangu afariki, ilikuwa imepandishwa juu, kando ya mumewe.

"Karibuni chakula," Eduviges akawaambia wote wawili, akawamiminia pulque.