Koili Iliyoungua

Wateja walimwita Dada Mvuke, na jina lilimkaa mpaka likampanda kichwani. Mtaa mzima hakuna aliyejua sigara za umeme kumshinda, na hilo hakuchoka kulisema. Sasa mwoneni: amesimama nyuma ya kaunta yake ya kioo, kashika tangi la sigara ya mteja, na anatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwenye tangi alikuwa seremala mstaafu, mtu wa vidole vinene. Wiki moja kabla alikuja peke yake, akavua kofia, akasema anataka kuachana na sigara aliyoivuta miaka arobaini. Binti yake alikuwa amejifungua, naye ameapa kwamba anayenuka moshi hamshiki mtoto wake, hata awe babu. Dada Mvuke alikuwa anapiga soga kwenye simu. Akamwelekeza kwa mkono mmoja: kile kibomba chenye pamba ndani ni cha kutumia na kutupa, tangi hili unalijaza mwenyewe, koili, ule waya wa moto wenye pamba, ikichoka unabadilisha; wewe unayeanza, chukua tangi. Akafunga koili mpya, akajaza maji ya ladha, akamkabidhi. "Vuta tu, Mzee." Mzee hajafika mlangoni, yeye anamsimulia shoga yake jinsi babu alivyokishika kifaa kama patasi. Walicheka mpaka machozi.

Leo mzee amerudi na binti yake, aliyembeba mtoto kifuani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mzee. "Nimekiharibu. Kila nikivuta kinanichoma koo, ladha yake kama nguo iliyoungua. Nikajikaza siku nne, nikadhani ndiyo kuzoea kwenyewe. Siku ya tano nikanunua sigara."

"Si nilisema?" binti alidakia. "Baba hana nia. Ana visingizio tu."

Mzee akainamisha kichwa. "Sisi wazee wazito wa kujifunza."

Dada Mvuke akalifungua tangi. Pamba ya koili ilikuwa nyeusi tii, na alijua kwa nini. Koili mpya hulowekwa. Unadondosha matone machache kwenye pamba, unajaza tangi, unasubiri dakika kumi ilowe mpaka ndani. Ukiivuta ikiwa kavu inaungua papo hapo, na ikishaungua haifai tena. Ndilo somo la kwanza, alilozoea kumpa hata asiyeuliza.

Angeweza kusema koili ilitoka kiwandani mbovu. Neno lilishafika ulimini, na nani angejua? Lakini mzee alikuwa anatazama viatu vyake, amebeba kosa lisilo lake mbele ya mwanawe. Aibu ikampanda Dada Mvuke mpaka masikio yakawaka.

"Mzee hajaharibu kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyeiunguza. Nilitakiwa niiloweke, nikwambie usubiri. Sikukwambia. Nilikuwa kwenye simu."

Kwamba alimcheka, hilo hakulisema.

Akamgeukia binti. "Dada, koili iliyoungua mimi mwenyewe siwezi kuivuta mara mbili. Baba yako kaivuta siku nne."

Binti akamtazama baba yake kama mtu anayesoma barua upya.

Dada Mvuke akatoa koili mpya, lakini mzee akanyoosha mkono. "Niachie, nijifunze." Vile vidole vinene vilidondosha tone baada ya tone bila kumwaga hata moja. Akafunga, akajaza, akalisimamisha tangi juu ya kaunta, akaangalia saa yake. Binti akavuta kiti karibu naye, akaketi, mtoto akiwa upande wa babu. Wakasubiri.

Dakika zilipotimia mzee alilichukua tangi lake, akavaa kofia.

"Asante, mwanangu," alimwambia Dada Mvuke. "Wengine wangemcheka mzee kama mimi."