Makofi ya Wifi

Wifi yangu ndiye anayeanzisha makofi kwenye mkutano mkuu wa chama. Hakuchaguliwa na mtu. Ana viganja vipana na roho nyepesi, basi. Akianza yeye, safu ya akina mama inafuata, kisha ukumbi mzima, na mgombea urais kapita.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wifi, ambaye hakosi mkutano, hunisimulia kwamba zamani wajumbe walitoka nje wakajipanga nyuma ya mtu wao, na mstari mrefu ndio ulioshinda. Walipotoana ngeu, yakaletwa masanduku ya kura. Masanduku nayo nusura yamwangushe rais mmoja, na mkutano uliofuata ukaona makofi yanatosha. Kura ya siri ikabaki kwenye kanuni kama pambo: itapigwa endapo ukumbi utakaa kimya jina la Rais likisomwa.

Mwaka huu mume wangu akajitosa kushindana na Rais. Nilimwambia ana wazimu, halafu nikampigia shati pasi. Kabla hatujatoka nyumbani, alimshika dada yake mkono.

"Dada, sikuombi unipigie debe. Usipige makofi tu. Wakikosa wa kuanza, wataogopana."

"Nikuangushe wewe niliyekubeba mgongoni?" Wifi akacheka. "Nitavikalia hivi viganja."

Tukavikalia kweli, mimi na yeye, bega kwa bega. Msimamizi akasoma jina la Rais. Kimya. Nilisikia feni za darini zikizunguka. Kule jukwaani mume wangu akainua kichwa, na mimi, mjinga mimi, nikaanza kumwona akiapishwa.

Msimamizi akakohoa, akalirudia jina. Bado kimya. Rais akatabasamu kama mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe. Wifi akaanza kuhangaika kitini.

"Usimtazame," nikamnong'oneza.

"Anaaibika, wifi. Mtu mzima yule."

Kabla sijamdaka, viganja vilikuwa vimeshatoka. Kofi la kwanza lilinichoma moyo. La pili sikulisikia, maana ukumbi mzima ulikuwa umeshainuka, watu wakishindana kuonekana, kila mmoja akiogopa kuwa wa mwisho.

"Mazoea, wifi yangu! Wallahi ni mazoea!" Machozi yalimtiririka na bado anapiga.

Nilitamani kumzaba. Ndugu yake wa tumbo moja, na amemmaliza kwa huruma! Nikabaki nimekaa, mikono chini ya mapaja, nimeuma meno. Wapige wote. Angalau mume wangu akitazama huku aone mtu mmoja aliyeshika ahadi.

Akatazama. Alikuwa amesimama kando ya Rais, naye anapiga makofi, mikono juu ya kichwa ili kamera zimwone. Jasho limelowesha lile shati. Macho yake yakashuka kwenye safu yetu, yakanikuta mimi peke yangu niliyekaa, kisha yakaenda ukutani, ambako walinzi wawili walikuwa wakininyooshea kidole. Sijawahi kumwona na hofu ile, hata siku mtoto wetu alipopelekwa kupasuliwa.

Midomo yake ikatikisika. Nimeishi naye muda mrefu, siwezi kuikosea.

"Piga, mama watoto. Nakuomba."

Nikasimama, nikaitoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi kabisa. Nilipiga bila kuisikia.