Msemaji wa Mwalimu Dontoh

Mwalimu Ekow Dontoh alikuwa mtu wa msimamo, na mwenye shaka angeweza kuutazama mgongo wake. Haukuwa umepinda tangu alipoingia shule ya bweni ya wavulana kule kilimani, ambako alifundishwa kutandika kitanda mpaka shuka likanyooka kama ubao, kula bila kugonganisha kijiko na sahani, na kutolia. Baadaye alirudi hapo hapo kuwa mlezi wa bweni, akawarithisha wengine mambo hayo matatu mpaka alipostaafu. Kwa hiyo Madamu Tandoh, mkuu wa shule moja ya msingi mjini Saltpond, alipomwomba ashike darasa la pili kwa muhula mmoja kwa kuwa mwenye darasa alikuwa amejifungua, Mwalimu Dontoh alijiona kama jemadari aliyeombwa kulinda banda la kuku. Alikubali kwa upole wa mtu anayejua kwamba kuku hao wana bahati.

Hakuambiwa kwamba darasa la pili lilikuwa na somo la hisia.

"Somo la nini?"

"La hisia, Mwalimu," alisema Madamu Tandoh. "Zile nyuso tano zilizochorwa ukutani. Kila asubuhi mtoto anagusa uso unaofanana na moyo wake, kisha anaeleza sababu. Wanajifunza kujijua, kusikilizana, kuombana radhi."

"Sisi hatukufundishwa hayo."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Madamu Tandoh, akainama haraka kutafuta kitu kwenye droo.

Aliliendesha somo hilo kwa njia pekee aliyoijua, yaani kama ukaguzi wa vitanda. Watoto walipanga mstari, mikono nyuma. Kila mmoja alipiga hatua mbele, akagusa furaha, huzuni, hasira, woga au utulivu, akatamka sentensi iliyokamilika yenye "kwa sababu" ndani yake, akageuka, akarudi mahali pake. Aliyesema "nina raha tu" alirudishwa nyuma ya mstari akaitafute sababu. Haukupita muda mrefu mioyo ya darasa la pili ikawa imekunjwa pembe nne kama mashuka, na Mwalimu Dontoh akaanza kujiuliza kwa nini watu walisomea jambo rahisi namna hiyo vyuoni.

Ndipo ikafika asubuhi ya Efua Otuwa.

Otuwa alikuwa binti wa mama muuza dokono, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, pale nyuma ya kanisa. Mtoto mdogo wa umbo, mwenye maneno machache. Siku moja kabla, Mwalimu Dontoh alikuwa akigawa madaftari huku mkono wa kulia umeshika kikombe cha uji, naye alimpa Otuwa daftari lake kwa mkono uliokuwa mtupu. Asubuhi hiyo Otuwa alipiga hatua mbele, akagusa uso wa hasira.

"Ninasikia hasira," alisema, "kwa sababu jana Mwalimu alinipa daftari kwa mkono wa kushoto."

Sentensi ilikuwa kamili. Ungekuwa mtihani, angepata alama zote. Darasa zima lilishusha pumzi likasahau kuipandisha, maana hakuna mtoto wa Kifante, kabila la mji ule, hata yule anayetambaa, asiyejua kwamba mkono wa kushoto una kazi zake na kumpa mtu kitu si mojawapo. Mwalimu Dontoh mwenyewe aliwahi kuwachapa vidole vijana warefu kuliko mlango kwa kosa hilo hilo. Mtu muungwana angesema neno moja, mambo yakaisha.

"Huna adabu!" alinguruma. "Piga magoti pale! Uso ukutani!"

Otuwa akapiga magoti. Hakulia. Mwalimu Dontoh, aliyewasifu wasiolia maisha yake yote, alishangaa kuona kwamba safari hii kutolia hakukumpendeza.

Kesho yake kiti cha Otuwa kilikuwa kitupu. Kibaya zaidi, watoto wote waliobaki, mmoja baada ya mwingine, waligusa uso wa utulivu.

"Ninasikia utulivu, kwa sababu nimetulia."

"Ninasikia utulivu, kwa sababu nimetulia."

Mstari haukuwahi kunyooka vizuri hivyo. Mwalimu Dontoh hakuusifu.

Madamu Tandoh alimwita ofisini. "Otuwa amekataa kurudi. Mama yake anasema juma lijalo atampeleka shule nyingine, upande wa pili wa mji. Mwalimu, mwaka jana mtoto yule alikuwa haongei kabisa, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alianza kusema kwa msaada wa zile nyuso. Sasa hata nyumbani amenyamaza tena."

Mwalimu Dontoh alikuwa akifikiri jinsi alivyosifiwa kwa kuwafanya wavulana mia moja wazungumze kwa sauti ya mtu mmoja, na jinsi sasa alivyomnyamazisha mmoja aliyechukua mwaka mzima kupata ya kwake. Hongera, mlezi wa bweni.

Jioni ile alikwenda nyuma ya kanisa. Mama Otuwa alikuwa akifunga madonge ya unga kwenye majani makavu ya ndizi, na mwanawe alikuwa ameketi nyuma ya chungu. Mwalimu Dontoh alisimama wima, visigino pamoja.

"Otuwa! Ninasikitika kwa yaliyotokea!"

Ilikuwa ndiyo sauti yake ya gwaride. Kuku wawili walikimbia. Otuwa akazama nyuma ya chungu asionekane hata utosi.

Mama aliifuta mikono yake taratibu. "Karibu, Mwalimu. Umekuja na nani?"

Swali lilikuwa la adabu, na lilimpiga kama kofi. Angekuwa amemkosea mtu mzima, hata fundi wa viatu, asingethubutu kwenda peke yake. Angemtafuta mtu wa kumwombea, mtu ambaye aliyekosewa hawezi kumkatalia. Anayejiombea kwa kinywa chake huwa kama anayedai deni. Mwalimu Dontoh aliyajua haya tangu utotoni. Ila hakudhani kwamba mtu anayefika kiunoni pake naye anastahili msemaji.

"Nimekuja vibaya," alisema. "Nitarudi. Otuwa anamsikiliza nani?"

Mama alitabasamu kidogo. "Kyirewa tu."

Mwalimu Dontoh akafumba macho. Adwoa Kyirewa alikuwa ndiye domo la darasa la pili, mtoto asiye na meno ya mbele wala breki, ambaye alitumia nusu ya kila siku ameamriwa kuweka kidole mdomoni.

Kesho yake wakati wa mapumziko alimwita. Kyirewa alikuja huku kidole tayari kiko mdomoni.

"Kitoe. Nataka uniombee kwa Otuwa."

Kyirewa alikifuta kidole kwenye gauni. "Moyo wako ukoje, Mwalimu? Nikiulizwa nitasemaje?"

Mwalimu Dontoh alijikongoja hadi ukutani, akagusa uso wa utulivu.

"Mwalimu!" alisema Kyirewa kwa masikitiko.

Akausogeza mkono kwenye woga. Ukatulia hapo. "Na kuna mwingine," alisema, "lakini haupo hapa. Wa aibu."

"Tunajua haupo," alisema Kyirewa. "Huwa tunagusa ukuta tu, hapo chini. Wewe huwa unadhani tunachezea rangi."

Baada ya masomo walikwenda pamoja, kwa kuwa bibi yake Kyirewa alikaa njia hiyo hiyo. Walipofika, Kyirewa alimsimamisha Mwalimu nyuma yake kwa ishara ya kiganja, akakohoa kama watu wazima misibani, akabisha hodi.

"Agoo!"

"Amee! Karibuni," aliitikia Mama Otuwa, akawapa benchi na maji. Kisha, kwa uso usio na mzaha hata chembe, akawauliza kilichowaleta kama wanavyoulizwa watu wazima: "Hapa kwema. Ninyi ndio mlio safarini."

"Hatukuja kwa ubaya," alisema Kyirewa. "Otuwa, huyu mzee wangu kakosa. Hakukosa kwa roho mbaya, kakosa kwa kichwa kigumu. Alisomea mahali ambapo hapakuwa na mama hata mmoja. Ana woga, na ana ile nyingine isiyo na uso. Tunakuomba."

Mwalimu Dontoh alitaka kusahihisha, lakini haikuwa zamu yake. Isitoshe, hakuona kosa.

Utosi ulichomoza nyuma ya chungu. "Mwambie magoti yaliniuma."

"Mzee, anasema magoti yalimuuma."

"Mwambie... ni kweli. Mwambie magoti nilipaswa kuyapiga mimi."

"Anasema angeyapiga yeye."

"Nimemsikia," alisema Otuwa. "Mwambie alete soda mbili za malta. Moja yangu, moja yako."

"Baridi," aliongeza msemaji kwa niaba yake mwenyewe, kisha akageuka. "Mzee, tumetozwa."

"Zitaletwa."

"Mwambie kesho nitakuja," alisema Otuwa. "Lakini simsalimii mpaka nipende."

"Mzee, anakuja. Salamu ndiyo bado."

Njiani Mwalimu Dontoh alikubali faini na kila kitu, isipokuwa hilo la salamu. Mwanafunzi asiyesimama kumwamkia mwalimu! Alilitafuna mpaka nyumbani, akalitafuna na chakula, akalala nalo.

Asubuhi alipoingia, darasa lilisimama kwa kishindo na kuimba salamu. Otuwa alikuwa kwenye kiti chake, ameketi, anatazama mbele. Salamu iliisha. Watoto wote waliosimama waligeuza macho kwa mwalimu. Zile kelele za miaka mingi za bweni zilimpanda kifuani zikafika kooni, naye akazimeza moja moja kama mtu anayemeza mifupa ya samaki.

"Kaeni," aliwaambia waliosimama. "Halafu pangeni mstari."

Wakapanga. Wa kwanza alikuwa mvulana mnene, aliyekuwa mtulivu tangu Otuwa alipoondoka. Alimtazama Otuwa, akamtazama Mwalimu, akaupita uso wa utulivu, akagusa wa hasira.

"Ninasikia hasira," alisema kwa sauti nyembamba, "kwa sababu Mwalimu huwa anatuchelewesha kwenda kula."

"Vyema," alisema Mwalimu Dontoh. "Mwingine."

Mwingine naye akagusa hasira. Na wa nyuma yake alikuwa tayari amenyoosha mkono upande ule ule. Mwalimu Dontoh, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufundisha akiwa ameketi, alivuta kiti akakaa. Mstari ulikuwa mrefu.