Kahawa Juu ya Gunia

Kahawa ya Bartholomayo niliimwaga mwenyewe, kwa mikono miwili, na nilisema sitaiokota. Hata leo ningesema hivyohivyo.

Mwanangu Kokwijuka hapatani na maziwa. Akionja tu, midomo inavimba na pumzi inabana. Kijiji chetu kizima cha Buganguzi kilijua. Lakini mwaka ule wa njaa kijiji hicho cha ujamaa kililetewa unga wa msaada, upikwe uji wa watoto wa chekechea. Nikaenda stoo kwa Bartholomayo, mwenyekiti wetu, nikaomba kusoma gunia la unga, nijue kama umechanganywa na maziwa. Unga alikwisha kuumimina kwenye pipa, gunia halipo.

"Alistidia, huo muziro wa maziwa umeutoa wapi?" akaniuliza. "Ukoo wa mumeo hauna mwiko huo. Na hapa ni ujamaa, watoto wote watakula chungu kimoja."

"Si muziro, mwenyekiti. Ni mwili wake unakataa."

"Mwili hujifunza," akasema, akafunga stoo.

Gunia lisilotoboka halitupwi kwetu, huanikiwa kahawa. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake, nikalikuta uani limetandazwa, limejaa kahawa yake. Nikalishika pembe mbili, nikakung'uta. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ila masista walitufundisha ya kutosha: mahindi, soya, maziwa ya unga.

Nilikimbia hadi chekechea. Immakulata, mpishi wa uji, alikuwa amempakata mwanangu, uso umefura, pumzi inakoroma. Mtoto alikuwa amekunywa nusu kikombe cha uji. Tulimfikisha zahanati kwa baiskeli, akapona. Namshukuru Mungu. Mwenyekiti simshukuru.

Jumapili, baada ya misa, nikaitwa mkutanoni nijibu kesi ya kahawa. Nilikwenda na mtoto mgongoni, macho yake bado hayafunguki vizuri, na gunia nimelibana kwapani.

"Ungesema ni ugonjwa," Bartholomayo akaniambia mbele ya watu. "Sisi tulidhani ni muziro."

"Muziro naujua, mwenyekiti. Ukoo wako hauli pongo, yule swala wa msituni. Kwenye arusi ya jirani yetu Byabato ulikataa nyama ya mbuzi mpaka mpishi alipoapa kwamba sufuria ile haijawahi kupikiwa pongo. Watu wazima tulikaa na njaa tukikungoja, na hakuna aliyekuambia mwili hujifunza."

Watu wakatazama chini. Immakulata akaja akachukua gunia mikononi mwangu, akasema atalitundika jikoni, na kila gunia litakalokuja atalisoma kwanza.

"Na kahawa yangu?" Bartholomayo akauliza, sauti imepungua.

"Wewe uliuliza habari za sufuria, ukajibiwa," nikamwambia. "Mimi niliomba kusoma gunia tu, nikafungiwa stoo."

Kahawa yake aliiokota mwenyewe.